Nakala Shilingi Kumi

Tangu Jumatatu mashine haijapoa.
Ukurasa ni ule ule, wa kumi na nne,
nimeulaza kiooni mpaka nimeuhifadhi
kama mtoto wa chuoni:
herufi kwanza, maana itakuja ikipenda.

Wa kwanza alikuwa Chirima, mlinzi wa ghala la Shimanzi,
miaka tisa ya usiku, mfukoni hana karatasi.
"Hapa," akaweka kidole, "pasemapo *mwajiri ataandika*."
Akalisoma *ataandika* mara tatu,
kila mara kwa sauti ya chini zaidi,
kama mtu ajaribuye kiatu cha mwenzake.
Akataka nakala mbili:
moja ya bosi, moja ya mkewe.

Bi Mwanasiti wa Guraya alikuja na mwavuli na hasira.
Ana vyumba sita, choo kimoja,
na mpangaji wa chumba cha tatu
aliyemwambia jana, kwa adabu iliyomuudhi kuliko tusi,
notisi ni ya maandishi, bibi, na mlango haung'olewi.
"Mlango ni wangu! Mbao nilinunua Mwembe Kuku,
bawaba nikatia kwa mkono huu."
Nikamwonyesha mstari. Akaomba miwani yangu.
Akasoma. Miwani akanirudishia.
"Na wa kunilipia maji mie, miezi minne hii,
ameandikwa ukurasa gani?"
Nikatafuta. Wallahi nilitafuta.

Yusufali wa vyombo vya umeme alitaka kibandiko,
herufi kubwa, wino mwekundu:
KILICHOUZWA HAKIRUDI.
Nikamwambia, ndugu, hili sasa lina kesi.
Akafikiri, akajikuna ndevu.
"Basi chapa kwa herufi ndogo."

Kadzo hakuja na karatasi, alikuja na simu.
Alikopa elfu tatu, sare ya mtoto,
na wale wa mkopo wakampigia mamamkwe,
wakampigia mwalimu,
wakampigia hata fundi wa sofa
ambaye namba yake alisahau kuifuta.
"Nasikia sasa ni marufuku."
Ni marufuku, nikasema.
"Haya, waambie."
Akanisogezea simu, inatetemeka juu ya meza
kama mende aliyepinduka.
Sheria hii hapa, nyeusi juu ya nyeupe.
Simu hii hapa, inaita.
Tukaitazama mpaka ikanyamaza, ikaanza tena.

Nami nikihesabu sarafu.
Wiki njema, nilisema moyoni, Mungu anisamehe,
serikali ikibadili neno moja
mie nanunua wino.

Jioni, nikifunga, Mbeyu akaniletea ukurasa ule.
Bado una joto. Amejitolea mwenyewe,
na sarafu yake ya kumi nilisikia ikilia koponi.
Mstari mmoja ameupigia kalamu nyekundu,
kalamu yangu.
Hakusema kitu. Miaka mitatu hapa
na nimezoea kuwa hasemi kitu.

Nikakaa, nikawasha kompyuta.
*Jina la mwajiri.* Nikaandika langu,
likanitazama kama mgeni mlangoni.
*Kazi.* Msaidizi. Nikafuta.
Anafungua saa moja mie ningali kitandani.
Anajua pa kuipiga mashine kofi ikikwama,
anajua mteja yupi apewe kiti kwanza
maana karatasi yake ni ya msiba.
Hilo halina kisanduku.
Nikarudisha: msaidizi.
*Mshahara.* Hapo kidole kikasimama.
Namba ninayompa, nikaiona imeandikwa,
ilikuwa fupi. Sikuwahi kuiona imeandikwa.

Mbeyu yuko mlangoni, kufuli mkononi.
Barabara ya Digo inamwaga watu nyuma yake.
"Utataka nakala ngapi?" nikamuuliza,
bila kumtazama sawasawa.
"Mbili," akasema,
na kabla sijamkataza
shilingi ishirini zikaingia koponi.